Mrija Unaofifia

Kiraka cha ultrasaundi kilipogusa shingo ya Mama Sekela, picha ilisimama hewani juu ya kifua chake, ya kijivu, ikitetemeka kidogo kila alipovuta pumzi. Daktari Subilaga Mwaitenda aliinama akaitazama bila kusema kitu. Aliiona misuli miwili, mmoja mbele na mmoja nyuma, na katikati yake mishipa ya fahamu ya mkono imejipanga kama kishada cha zambarau. Alichokuwa anakitafuta hakukiona.

"Mbona kimya, dokta?" Mama Sekela aliuliza. Alikuwa amelala chali, kichwa amekigeuzia kushoto, anatazama ukutani.

"Nautafuta mrija wako, mama."

"Umepotea?"

"Haujapotea. Umo humu humu. Ila umekuwa mgumu kuonekana."

Nje ya dirisha, gari la waya lilipita juu ya mashamba ya chai likipandisha watu kutoka bondeni, na kivuli chake kikavuka chumba. Ikupa, binti wa mwisho wa Mama Sekela, alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na mlango, mkoba mapajani, kama mtu ambaye hajaamua kama atabaki.

Subilaga alikizungusha kiraka taratibu, akabonyeza kidogo, akakilaza kwa pembe nyingine. Ndipo akauona: mstari mwembamba, hafifu, wa rangi ya maziwa yaliyochanganywa na maji mengi. Alipoondoa jicho kwa nukta moja na kulirudisha, ilimbidi aanze kutafuta upya.

Miaka michache iliyopita, yeye mwenyewe ndiye aliyeuweka mrija huo, na siku ile uling'aa. Kabla ya hapo madaktari wa ganzi na usingizi walitumia mirija ya plastiki. Waliilaza kando ya mshipa wa fahamu kabla ya upasuaji, wakapitisha dawa siku mbili tatu mpaka kidonda kitulie, kisha wakaivuta na kuitupa. Huu ulikuwa kitu kingine. Ulikuwa uzi hai uliooteshwa maabara kutokana na hariri. Ukishalazwa unashika mahali pake, unajilisha kwa sukari ya damu ya mwenyewe, na kutokana na sukari hiyo unatengeneza dawa ya ganzi, tone kwa tone, mchana na usiku. Maumivu yanakufa, mkono unaendelea kusogea. Ili daktari yeyote aweze kuuona, ukuta wake ulijazwa viputo vya hewa vidogo mno, vinavyorudisha sauti ya mashine kama bati jipya linavyorudisha jua. Kiwanda kilichouotesha kilisema utang'aa maisha yote ya mgonjwa.

Viputo havikudumu. Mwili ulivinyonya kimoja kimoja, na mirija ikaanza kufanana na nyama iliyoizunguka. Haikuishia hapo. Mingine ilianza kutambaa.

Subilaga alihamisha kiraka hadi chini ya mbavu za kulia. "Vuta pumzi kwa pua, mama. Kwa nguvu, kama mtu anayenusa."

Mama Sekela alinusa. Kwenye picha, msuli mpana wa pumzi ulishuka kidogo, ukasita, ukarudi. Subilaga alipima na kushoto. Kule ulishuka vizuri, mara mbili ya ule wa kulia.

"Siku hizi ukipanda mlima unakuwaje?"

"Kwenda kanisani nasimama njiani. Zamani sikuwa nasimama." Mama Sekela aligeuza kichwa amtazame. "Nikasema ni uzee, na unga ninaoupumua kila siku pale ninapooka mikate ya kuuza."

"Si uzee." Subilaga alivuta kiti akaketi, macho yake yawe sawa na ya mgonjwa. "Mrija umetoa tawi, mama. Shina bado liko kwenye mishipa ya mkono, linafanya kazi yake. Lakini nadhani kuna tawi lililopanda juu ya msuli huu wa mbele, na hapo unapita mshipa unaoendesha pumzi yako ya kulia. Tawi linautia ganzi."

"Nitakufa?"

"Kwa hilo peke yake, hapana. Una upande wa kushoto. Lakini ukipata homa ya mapafu, upande mmoja hautakutosha. Na kuna agizo la Baraza la Vifaa vya Tiba. Mrija wowote unaoanza kufifia utolewe wote, sasa hivi, wakati bado kuna kitu cha kuonekana. Mwakani huu wako sitauona kabisa. Hata ukiniomba niutoe, sitajua nianzie wapi."

Mama Sekela aliketi. Alijifuta jeli shingoni kwa kitambaa, polepole, mpaka pakauka, na bado akaendelea kufuta.

"Dokta, wewe unanijua mimi wa sasa," alisema. "Mwenye mkate. Anayecheka na wateja. Yule mwingine hukumjua."

"Nilikukuta na maumivu makali siku ile."

"Ulinikuta nimelala kitandani, nina adabu kwa sababu niko mbele ya daktari." Aliunyoosha mkono wa kulia, ule uliovutwa na mkanda wa mashine ya kiwanda cha chai nusura unyofoke, akautazama kama kitu cha mtu mwingine. "Ilikuwa kama mafuta ya moto yanamiminwa kuanzia hapa mpaka kwenye vidole, hayaishi. Mtoto akipita karibu nikasikia upepo wa nguo yake, naumia. Huyu hapa aliniegemea siku moja, mtoto wa miaka minane, anataka tu kukaa na mama yake. Nilimpiga na mwiko mpaka ukavunjika. Dada yangu alikuja kumchukua akampeleka Kyela, na nikashukuru ameondoka. Unasikia? Nilishukuru."

Ikupa aliangalia mkoba wake.

"Alianza kurudi nyumbani baada ya mrija," Mama Sekela alisema. "Usiniambie unautoa."

*

Daktari Ambakisye, mkuu wa idara, alikuwa ukumbini anakunywa chai akiwa amesimama, kama kawaida yake. Subilaga alimweleza yote, na mwishoni akasema, "Nataka kukata tawi peke yake. Shina nilibakize."

"Agizo linasema wote."

"Agizo halijawahi kuishi na mkono ule."

Ambakisye aliweka kikombe dirishani. Hakuwa mtu wa kupandisha sauti, na wala hakuipandisha sasa. "Dokta Subi, tawi umeliona?"

"Nimeona pumzi ya mgonjwa inavyobanwa. Tawi lenyewe bado."

"Utalionaje?"

"Nitaulaza mrija kwanza, uache kutoa dawa. Baadaye nitaingiza maji ya chumvi yaliyotikiswa yakajaa mapovu, kupitia mlango wake hapo chini ya mtulinga. Mapovu yatatokea kwenye ncha. Kama kuna ncha mbili, yatatokea mahali pawili. Nikifuatilia yanakopita, nitajua panda iko wapi, pale tawi linapoachana na shina."

"Na mgonjwa?"

"Awe macho. Nikimpa usingizi siwezi kupima pumzi yake. Nikimwaga ganzi nyingine shingoni nitakuwa nimezima mishipa ile ile ninayotaka kuitofautisha. Nitatia ganzi ya ngozi tu."

"Kwa hiyo maumivu yatarudi yote."

"Kwa asubuhi moja."

Ambakisye alitazama nje. Ukungu ulikuwa unashuka kutoka Mlima Rungwe, na matangi ya kukinga maji ya ukungu juu ya paa yalianza kuvuma. "Mwenzetu mmoja, sitamtaja, alijaribu hivyo hivyo," alisema. "Alimhurumia mgonjwa wake, akatafuta tawi saa nzima, na mwisho akaliona. Akalikata. Ulikuwa mshipa wa fahamu. Yule mgonjwa mkono wake haujanyanyuka tena. Nilimuuliza uliona nini, akaniambia, niliona mrija. Hakuwa anasema uongo. Alikuwa ameutaka sana."



"Sikukatazi," Ambakisye alisema. "Nitaandika kwamba nimekuruhusu, na kama kuna kesi tutakuwa wawili. Ila ukifika pale kisu kiko mkononi, jiulize unaona au unatamani."

*

Ikupa alimngoja Subilaga karibu na ngazi. Alikuwa mwanamke wa miaka kama thelathini, mrefu, mwenye sauti ya chini.

"Dokta, samahani. Mkiulaza huo mrija, maumivu yatamjia ghafla au taratibu?"

"Taratibu. Yataanza alfajiri, nitakapokuwa nimempa dawa ya kuulaza. Kufikia wakati wa kazi yatakuwa yamefika juu."

"Naruhusiwa kuwemo chumbani?"

"Ukitaka. Lakini si lazima. Manesi wapo."

Ikupa alifikiri. "Kila mtu ananiambia mama yangu alikuwa mgonjwa, si kosa lake," alisema. "Najua. Nilishamsamehe kabla hajaniomba. Lakini kuna kitu mwilini hakisikii maneno. Akinyanyua mkono kuchukua chumvi, mimi napepesa macho. Mpaka leo. Nataka nijue kama naweza kukaa naye chumba kimoja akiwa vile."

"Na ukishindwa?"

"Nitatoka nje. Mlango si upo?"

*

Jioni Subilaga alimweleza Mama Sekela mpango wa kukata tawi peke yake, naye akakubali. Asubuhi iliyofuata mvua ilinyesha nyembamba. Mama Sekela alikuwa amelazwa na mto chini ya bega, shingo wazi, uso umejikunja. Jasho lilikuwa limemtoka ingawa chumba kilikuwa na baridi. Subilaga alimwamkia, "Shikamoo, mama," na Mama Sekela akasema tu, "Fanya haraka."

Nesi aliinua shuka kumfunika mkono. "Usiniguse na hilo shuka lako," Mama Sekela alisema. "Huna akili?" Nesi aliliacha lilipokuwa.

Ikupa alisimama upande wa kushoto wa kitanda. Mama yake alimwona.

"Wewe unatafuta nini hapa? Umekuja kufurahi?"

"Nimekuja kukaa, mama."

"Toka. Unanipumulia usoni kama ng'ombe."

Ikupa alirudi nyuma hatua moja. Kisha akavuta kiti akaketi pale pale alipokuwa.

Subilaga aliweka kiraka, na picha ikasimama. Alianza na mbavu. "Nusa, mama." Msuli wa kulia ulishuka wote, sawasawa na wa kushoto. Ndiyo kusema mrija ulikuwa umelala kweli, na alilodhani jana lilikuwa sahihi: kilichoibana pumzi kilikuwa mrija. Alirudi shingoni. Alitia ganzi ya ngozi, akaingiza sindano nyembamba kwenye mlango wa mrija, akatikisa bomba la maji ya chumvi mpaka likawa jeupe.

"Naingiza sasa."

Kwenye ile picha ya kijivu, moshi mweupe ulitokea kando ya kishada cha zambarau. Nukta moja baadaye, mbele, juu ya ule msuli, ukatokea moshi mwingine, mdogo, kama pumzi ya mtu siku ya baridi. Nesi alivuta hewa. Ncha zilikuwa mbili kweli.

"Nimeziona ncha," Subilaga alisema. "Sasa natafuta panda."

Alishika mkononi sindano nyingine, yenye makali madogo ubavuni kwa kukatia. Akaingiza maji mara ya pili, taratibu zaidi, akifuatilia shina kutoka mlangoni. Shina lilionekana, hafifu lakini limetulia. Lilipanda, likapita chini ya mshipa wa damu, likafika ukingo wa msuli. Hapo mwanga ukawa mdogo. Kulikuwa na nyuzi mbili nyembamba zimelala pamoja, zimegusana, zinapanda kuelekea upande mmoja. Mmoja ulikuwa tawi. Mwingine ungeweza kuwa mshipa wa pumzi wenyewe, ambao kwa mtu yeyote ni mwembamba kama uzi wa kushonea.

Alibadilisha pembe. Ule wa juu ulionekana kung'aa zaidi. Au jicho lake lilikuwa limechoka. Alipinda kiraka upande wa pili, na sasa ukang'aa wa chini.

"Niambie unachofanya," Mama Sekela alisema kwa meno yaliyofungwa.

"Naangalia, mama."

"Umeangalia sana."

Aliingiza maji mara ya tatu. Safari hii mapovu yaliyotangulia yalikuwa yamesambaa nyamani, na picha nzima ikajaa ukungu. Alingoja utulie. Ulipotulia, zile nyuzi mbili zilikuwa pale pale, na makali ya sindano yalikuwa yamefika karibu nazo kabisa. Alikuwa ameshaweka mirija mingi kuliko mtu yeyote katika nyanda zile, na ndani yake kitu kilimwambia kwa utulivu kabisa kwamba ni ule wa juu. Kata ule wa juu. Mama huyu atarudi kwenye mikate yake, na binti yake hatapepesa macho tena.

Alijaribu kukumbuka ni lini alianza kuamini kwamba ni ule wa juu, na akaona kwamba alianza kabla ya kuutazama.

Akarudisha sindano nyuma.

"Mama Sekela, nisikilize. Naona nyuzi mbili. Mmoja ni tawi la mrija, mwingine unaweza kuwa mshipa wako wa pumzi. Siwezi kuzitofautisha."

"Jana ulisema utaona."

"Nilitumaini. Sioni."

"Bahatisha."

"Nikikosea, pumzi ya upande huo haitarudi, na mrija bado utaendelea kutambaa. Sitabahatisha." Aliiweka sindano kwenye sinia ili mgonjwa asikie imewekwa. "Kuna njia mbili nyingine. Ya kwanza, nauamsha mrija, nakurudisha nyumbani kama ulivyokuja. Maumivu yataondoka leo leo. Pumzi itabanwa tena, na mwakani hakuna atakayeweza kuuona. Ya pili, shina bado naliona. Naweza kumwaga dawa ya kulilegeza kuanzia mlangoni mpaka juu. Shina likilegea, matawi huachia yenyewe, utatoka wote. Na maumivu haya unayoyasikia yatabaki. Nitakusaidia kuyapunguza kwa vidonge, na yakizidi, kwa mirija ile ya plastiki, siku chache chache. Lakini hayataisha."

"Na wewe ungefanya nini?"

"Ningekuwa naogopa kama wewe."

Mama Sekela alifumba macho. Mvua ilisikika juu ya paa. Alipoyafumbua alimtazama Ikupa, ambaye alikuwa bado ameketi, mikono yake imeshikana mapajani kwa nguvu.

"Usinitazame hivyo," alimwambia.

"Nikutazameje?"

"Sijui." Alipumua, pumzi ndefu ya pande zote mbili, na uso ukamjikunja kwa sababu hata kupumua kuliuvuta mkono. "Tangu kulipokucha nimemtukana huyu mtoto," alimwambia Subilaga, bila kugeuka. "Nimemwita ng'ombe. Nimemwita na mengine kabla hujaingia. Hajaondoka."

"Nimeona."

"Sikudhani kama kuna mtu anaweza kukaa." Alimgeukia Subilaga. "Utoe, dokta. Utoe wote wakati unauona."

Kazi ilichukua muda. Subilaga alimwaga ile dawa kidogo kidogo kando ya shina, akitazama, akisogea, akisema kwa sauti kila alichokiona na kila alichokuwa hakioni. Mama Sekela alilia, akatukana, akaomba radhi, akatukana tena. Mwishowe Subilaga aliushika mrija mlangoni kwa koleo akauvuta, na ukaja, laini, wa rangi ya nyama, na mwishoni ukagawanyika mara mbili kama ulimi wa nyoka. Aliulaza kwenye sinia, akazipitia ncha zote mbili chini ya kioo cha kukuzia. Zilikuwa nzima. Hakuna kilichobaki ndani.

Alirudisha kiraka shingoni, na uzi uliobaki pale ulikuwa ule wa juu. Tawi lilikuwa la chini.

Aliutazama mrija ule kwenye sinia kwa muda, kisha akaufunika kwa kitambaa akaenda kunawa mikono. Maji yalikuwa baridi. Alinawa mpaka nesi akamuuliza kama yuko sawa.

*

Kesho yake alipopita wodini alimkuta Mama Sekela ameketishwa kitandani, Ikupa anakunja blanketi. Alimpima. Msuli wa pumzi ulishuka na kupanda kama inavyotakiwa.

"Umelala, mama?"

"Vipande vipande." Midomo yake ilikuwa imekauka, macho mekundu. Vidonge vilikuwa vimeyapunguza makali, si zaidi. "Nimesikia kitu usiku. Shuka lilikuwa na mshono hapa, nikausikia kwa kidole. Ulikuwa unaniumiza, lakini niliusikia."

"Mkono utaendelea kusikia."

"Ndilo ninaloliogopa."

Subilaga alimweleza habari za vidonge na siku ya kurudi, akamuaga, akaelekea mlangoni. Nyuma yake alisikia Ikupa akisema, "Ngoja nikusogeze, umeteleza," na alipogeuka alimwona amepitisha mkono upande wa kulia wa mama yake.

Mama Sekela alishtuka. Mkono wake wa kushoto ulinyanyuka juu, kiganja wazi, na Ikupa akapepesa macho.

Hawakusogea. Subilaga alisimama mlangoni, hakujua kama arudi au aondoke. Mkono ulikaa pale juu kwa muda ambao ulimtosha kuona kwamba Ikupa hakurudi nyuma.

Kisha Mama Sekela akaushusha polepole, akaulaza juu ya blanketi, kiganja kikitazama juu.

"Huo unauma," alisema. "Zunguka huku. Nishike huu."